Macho mawili mazima, ramani mbili zisizofanana

Picha yenyewe wengi wamewahi kukutana nayo bila kujua ilikotoka: vitone vyekundu, vya kijani na vichache vya buluu, vimesongamana kama shanga zilizomwagwa kwenye sinia. Maelezo yake huwa mafupi, kwamba hiyo ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, ya mtu aliye hai. Ni kweli, lakini kwa masharti. Hakuna kamera iliyowahi kuuona wekundu ule wala ukijani ule. Rangi zilipakwa baadaye, kitone kimoja kimoja, baada ya hesabu ndefu ya kulinganisha picha zisizo na rangi kabisa. Kila ninapomwonyesha mtu picha hii, swali la kwanza huwa "hii kijani iko wapi jichoni?", na jibu la haki ni kwamba haiko popote.

Kisa ni hiki. Februari 1999, Austin Roorda na David Williams wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature ramani ya pigmenti (kemikali zinazofyonza nuru) za koni, yaani seli za retina za kuonea rangi, katika macho ya wanaume wawili. Wote wawili walikuwa wazima wa macho, wenye uwezo wa kawaida wa kutofautisha rangi. Katika jicho la wa kwanza, asilimia 75.8 ya koni zilizopimwa zilikuwa na pigmenti ya mawimbi marefu (L), asilimia 20.0 ya mawimbi ya kati (M) na asilimia 4.2 ya mawimbi mafupi (S). Katika jicho la wa pili ilikuwa asilimia 50.6, 44.2 na 5.2. Kwa maneno mengine, mmoja alikuwa na koni za L karibu nne kwa kila moja ya M, na mwenzake alikuwa nazo karibu sawa kwa sawa. Na hao wawili, ukiwawekea mbele vipimo vya kawaida vya rangi, huwezi kujua nani ni nani.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilishangaza, lazima kwanza kuelewa kwa nini lilichelewa.

Wazo kwamba jicho lina vipokezi vya aina tatu si geni. Thomas Young alilitoa mwaka 1802, akiwa na hoja tu, bila kuona seli hata moja. Baadaye ilijulikana kwamba retina ya mtu ina koni takriban milioni 4.6, na seli za fimbo, zile za kuonea gizani, zaidi ya milioni 90. Koni za S ndizo rahisi kuzitambua, kwa kuwa hata katika jicho la marehemu zinaweza kutofautishwa kwa kemikali za maabara. Tatizo ni L na M. Hizi ni mapacha. Protini za pigmenti zao zinafanana kwa asilimia 96 hivi, seli zenyewe zina umbo lilelile na ukubwa uleule, na chini ya hadubini ya kawaida hakuna alama ya kuzitenganisha. Kinachozitofautisha ni nuru zinayoipenda: M hufyonza zaidi karibu na nanomita 530 (nanomita hupima urefu wa wimbi la nuru), L karibu na 560. Pengo la nanomita 30. (Hapa niseme jambo linalonikera: kuiita L "koni nyekundu" ni mazoea mabaya. Nuru ya nanomita 560 ni ya kijani inayoelekea manjano. Wekundu ni hukumu inayotolewa mbele zaidi, baada ya L na M kulinganishwa.)

Katika miaka ya 1950 Mwingereza William Rushton alikwisha kupima pigmenti katika macho ya watu hai. Mbinu yake ilikuwa ya kijanja: tupa nuru ndani ya jicho, pima inayorudi, kisha ipaushe pigmenti kwa mwanga mkali na upime tena. Nuru inayorudi huongezeka, na ongezeko hilo ndilo lililokuwa likifyonzwa na pigmenti kabla haijapauka. Kwa njia hiyo aliweza kuonyesha kwamba wasiotofautisha nyekundu na kijani wamekosa pigmenti moja kati ya mbili. Lakini nuru yake ilirudi kutoka eneo lenye maelfu ya koni kwa mkupuo. Ni kama kusimama nje ya uwanja wa mpira na kusikiliza kelele: utajua timu ipi ina mashabiki wengi, hutajua nani ameketi wapi.

Kilichozuia kujua nani ameketi wapi ni jicho lenyewe. Digrii moja tu kutoka katikati ya fovea, kile kishimo cha retina tunachokitumia kusomea, koni hupangana kwa umbali wa maikromita 5 hivi kutoka moja hadi nyingine. Ili kuona kitu kidogo kiasi hicho unahitaji mboni iliyopanuka, maana tundu dogo hutawanya nuru. Lakini mboni ikipanuka, kasoro ndogondogo za konea na lenzi hujitokeza zote, na picha huvurugika. Hata jicho zima kabisa, lisilohitaji miwani, lina kasoro hizo. Wanafalaki walikuwa na tatizo la aina hiyohiyo na hewa inayotikisika juu ya darubini zao, na Horace Babcock alipendekeza dawa yake mwaka 1953: kioo kinachobadilisha umbo ili kufuta mvurugiko. Mwaka 1997 Junzhong Liang, Williams na Donald Miller walilihamishia wazo hilo kwenye jicho. Mwale mdogo hupelekwa kwenye retina, nuru inayorudi hupita katika safu ya vilenzi vidogo, na jinsi kila kilenzi kinavyokosea shabaha huonyesha kasoro za jicho lile. Kisha kioo chenye visukumio 37 nyuma yake hujikunja kwa kipimo kinyume. Kasoro hufutika, na koni zikaonekana moja moja.

Kuona koni, hata hivyo, si kuona pigmenti yake. Hapo ndipo kazi ya 1999 ilipoanzia.

Fikiria kikao kimoja cha kazi ya namna hii. Mtu ametiwa matone ya kupanua mboni na yale ya kuizuia lenzi isijirekebishe. Ameng'ata kipande kilichochukua umbo la meno yake, kilichofungwa kwenye chuma, maana kichwa kikisogea kidogo tu eneo linalopigwa picha hupotea. Anakaa gizani dakika kadhaa hadi pigmenti zijazwe tena, kisha unakuja mmweko mmoja wa milisekunde 4, wa nuru ya nanomita 550, kupitia mboni yenye upana wa milimita 6. Picha moja. Halafu tena giza, tena mmweko. Picha moja haitoshi kwa sababu fotoni (chembe za nuru) zinazorudi kutoka koni moja ni chache mno na kelele, yaani mivurugo ya kipimo, ni nyingi, kwa hiyo makumi ya picha za hali ileile hupangwa moja juu ya nyingine, koni juu ya koni, ndipo wastani uchukuliwe.

Kwa nini 550? Kwa sababu hapo katikati L na M hufyonza kwa nguvu zinazokaribiana, na S karibu haifyonzi kitu. Kuna faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Katikati ya retina pana pazia la manjano, pigmenti ya makula, inayotokana na luteini na zeaksanthini tunazozipata kwenye mboga na matunda. Kilele chake cha kufyonza ni karibu nanomita 460, na ikifika 550 imeshakuwa kama kioo kitupu. Ungetumia nuru ya buluu kupigia picha, ungekuwa unapima mchanganyiko wa pazia hilo na pigmenti za koni, na pazia lenyewe hupungua haraka kadiri unavyotoka katikati. Ungepata mteremko wa manjano na kuudhania mteremko wa koni.

Nuru ya 550 basi huingia kwenye koni, hupita katika pigmenti, sehemu ndogo hugonga tabaka za nyuma na kurudi, ikipita katika pigmenti mara ya pili. Koni iliyojaa pigmenti huonekana nyeusi kidogo kuliko koni hiyohiyo ikiwa imepauka. Neno la kushikilia ni "hiyohiyo". Huwezi kulinganisha koni moja na jirani yake na kusema hii ina pigmenti zaidi, kwa sababu koni mbili zenye pigmenti sawa zinaweza kurudisha nuru kwa viwango tofauti kabisa, moja iking'aa na nyingine ikififia, kwa sababu za umbo na mwelekeo tu. Kila koni lazima ilinganishwe na nafsi yake kabla na baada ya kupauka. Ndiyo maana nilisema hii ni hesabu kabla ya kuwa picha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuzitoa S. Linganisha picha za jicho lililokaa gizani na picha za jicho lililopaushwa kabisa: koni nyingi zinabadilika, chache hazibadiliki. Hizo chache ndizo S, kwa kuwa kwenye 550 hazikuwa na cha kupoteza. Safi na rahisi.

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Jicho likitoka gizani lilipigwa nuru ya nanomita 650, nyekundu. Kwa urefu huo wa wimbi L huathirika karibu mara 10 kuliko M, kwa hiyo L zinapauka na M zinabaki na sehemu kubwa ya pigmenti yake. Picha ikapigwa papo hapo, kabla pigmenti haijaanza kurejea, maana pigmenti ya koni hurudi kwa dakika chache tu. Kipimo cha mwanga ni suala la mkono mwepesi. Ukizidisha, M nazo zinapauka na tofauti inafutika. Ukipunguza, L hazijapauka vya kutosha na tofauti haijazaliwa. Kisha zoezi likarudiwa kwa nuru ya nanomita 470, ambayo huzipausha M zaidi. Lakini hapa asili haikuwa na ukarimu: kwenye 470 upendeleo wa M dhidi ya L haufiki hata mara 2. Kipimo kimoja kina makali, cha pili ni butu, na ni vyote viwili kwa pamoja vinavyotoa uamuzi.

Sasa weka kila koni kwenye karatasi: upande mmoja kiasi ilichofyonza baada ya 650, upande wa pili kiasi ilichofyonza baada ya 470. Vitone hujigawa kwenye makundi mawili, na ukihesabu mgawanyo unapata vilima viwili. Kati ya vilima kuna bonde, na bonde hilo si tupu. Zipo koni zilizoangukia humo, kwa sababu ya kelele za kipimo, na kwa sababu nuru ya koni moja huvujia kwa jirani. Nazo ilibidi zipakwe rangi, ama nyekundu ama kijani, kulingana na kilima kipi kina uwezekano mkubwa zaidi. Katika picha iliyochapishwa zina wekundu uleule mkolevu kama zile zisizo na shaka yoyote. Sioni hila hapo, maana kosa lilikadiriwa na kuelezwa. Ila picha ilisafiri dunia nzima na makadirio yakabaki nyumbani.

Tukirudi kwa wale wanaume wawili, tofauti yao ni kubwa mno kuelezwa na koni chache za bondeni. Asilimia 20 dhidi ya 44 za M haziwezi kuwa kelele. Na kuna ushahidi wa pembeni: mwaka 2000 David Brainard, Roorda, Williams na wenzao walichapisha vipimo vya umeme wa retina, vinavyorekodi jinsi jicho zima linavyoitikia mwanga unaomemetuka, na uwiano uliotoka ulikwenda sambamba na ramani. Njia mbili zisizotegemeana zilisema jambo moja.

Katika kazi hiyohiyo ndimo mlimo na kitendawili. Walitafuta manjano tupu ya kila mmoja, yaani urefu wa wimbi ambao mtu anauona manjano isiyo na dalili ya kijani wala ya wekundu. Kama rangi ingeamuliwa kwa kura, koni moja kura moja, mwenye L nne kwa M moja angepaswa kuweka manjano yake mbali kabisa na ya mwenzake. Hakuiweka. Walipishana kidogo sana, nanomita chache tu.

Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni kwamba ubongo hauhesabu koni, bali husawazisha mizani kwa kile macho yanachokutana nacho kila siku. Mwaka 2002 Jay Neitz na wenzake waliwavisha watu lenzi za rangi kwa saa kadhaa kila siku, na manjano tupu ya watu hao ikahama taratibu, kisha ikabaki imehama kwa siku kadhaa hata lenzi zilipovuliwa. Kama mizani inaweza kusogezwa ukubwani kwa lenzi, basi inaweza kusawazishwa tangu utotoni kwa mwenye L nyingi na kwa mwenye M nyingi, wote wakafika mahali pamoja. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoitumia picha hii kusema "kila mtu anaona dunia ya rangi zake". Data za kisa hiki zinasukuma upande wa pili: retina zilitofautiana sana na rangi zikafanana.

Tofauti ya idadi inatoka wapi? Jeni za L na M zimekaa zikifuatana kwenye kromosomu X, na kila koni huwasha moja tu kati yake. Uchaguzi huo unaonekana kuwa wa bahati nasibu, ila kura zimeelemea upande mmoja kidogo, na kuelemea huko hutofautiana kwa mtu na mtu. Mpangilio wenyewe unaunga mkono jambo hili. Mtu angetarajia koni zipangwe kwa zamu, L, M, L, M, kama vigae. Wapi! Kwa wanaume wote wawili L na M zilikuwa zimetapakaa ovyo, na bahati nasibu ikitapakaza vitu huacha mashada: sehemu zenye L tupu, hasa kwa yule wa kwanza, bila M hata moja katikati.

Mashada hayo yana gharama, na yana faida. Eneo lenye koni za aina moja haliwezi kutofautisha rangi ya kitu kidogo kinachoangukia humo, lakini linaona vizuri zaidi michoro myembamba, kwa kuwa koni zote zinaongea lugha moja. Jicho limechagua kutojali sana rangi za vitu vidogo mno. Katika kazi ya 2005, Heidi Hofer, Ben Singer na Williams walimulika vitone vidogo kiasi cha kugusa koni chache tu, wakawauliza watu wanaona rangi gani. Majibu hayakuwa matatu. Watu walitumia majina mengi ya rangi, nyeupe ikiwemo, na hata koni zenye pigmenti ileile zilizaa hisia tofauti. Kumbe ramani ya pigmenti, hata ikiwa kamili, haikuambii koni fulani itasema nini ikiguswa peke yake.

Kuhusu ukubwa wa ushahidi: kisa cha 1999 kilikuwa na watu wawili, wote wanaume, na eneo dogo digrii moja tu kutoka katikati. Mtu mkali angeweza kusema wamekutana na watu wa ajabu kwa bahati mbaya. Lakini kazi kubwa zaidi ya Hofer na wenzake, pia ya 2005, ilikuta kwa watu wenye uoni wa kawaida wa rangi uwiano wa L kwa M kuanzia 1.1 hadi 16.5. Yule mwenye karibu 4 aliyeonekana kituko mwaka 1999 akajikuta katikati ya msafara. S hazikuyumba hivyo, zilibaki asilimia chache kwa kila mtu.

Na lile bonde? Mwaka 2019 Furu Zhang, Donald Miller na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walionyesha njia isiyopima weusi wa koni hata kidogo. Koni ikipigwa mmweko, sehemu yake yenye pigmenti hubadilika urefu kwa kiasi cha nanomita, na koni za L, M na S hubadilika kwa namna tofauti. Ukipima mabadiliko hayo kwa kufuatilia fezi (hatua ya wimbi) ya nuru inayorudi, vilima hutengana vyema zaidi, na kazi iliyokuwa ikidai vikao vingi vya giza na kung'ata kile kipande hufanyika kwa muda mfupi kuliko zamani. Ramani bado hupakwa nyekundu, kijani na buluu.